Majogoo Tisa wa Mayai ya Duara

KAKA: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Mtu wako.

KAKA: Watu wangu wengi. Kama ni habari za lile toroli, nililiacha kwa —

FUNDI: Sijui toroli. Ni mdogo wako wa tumbo moja, fundi cherehani, mwenye namba usiyoipokea.

KAKA: Aa, mdogo wangu. Shikamoo inakuja, au imenipita?

FUNDI: Shikamoo. Hiyo ni ya umri tu, akili tutaijadili.

KAKA: Marahaba, mimi sichagui. Simu ya nani hii?

FUNDI: Ya mchinjaji. Amekaa hapa kwenye kiti cha wateja, kisu amekiviringisha kwenye gazeti.

KAKA: Mna sherehe?

FUNDI: Tuna majogoo. Sikiliza.

(Jogoo anawika. Wa pili anadakia. Wa tatu anakwama katikati kama pikipiki inayokataa kuwaka.)

KAKA: Loo. Wangapi hao?

FUNDI: Kumi. Mzee mmoja na vijana tisa. Mitetea, sita. Sasa kumbuka ulichoniambia kuhusu mayai.

KAKA: Mimi nimesema mengi duniani.

FUNDI: Ulisema yai la duara hutoa jike, lenye ncha hutoa dume. Nikakaa na ndoo ya mayai mchana kutwa, nayapima kwa utepe wa kupimia wateja. Kiuno, urefu, kiuno, urefu. Nikachagua kumi na mawili, duara kama vifungo vya koti, nikamwekea kuku atamie. Yakaanguliwa yote. Madume tisa.

KAKA: Na majike matatu. Si haba.

FUNDI: Kaka.

KAKA: Nauliza tu, una hakika hukukosea kiuno?

FUNDI: Napima viuno vya watu mwaka wa ishirini huu, hajarudi mtu na nguo. Nani alikufundisha habari za mayai?

KAKA: Bwana mmoja tulisafiri naye juu ya lori la vitunguu.

FUNDI: Mfugaji?

KAKA: (Anakohoa.) Alikuwa anauza miwani.

FUNDI: Haya. Sasa wanafunzi wa muuza miwani wamebalehe wote wiki moja. Mitetea sita, waume kumi, hesabu mwenyewe. Wamepandwa mpaka migongo imebaki ngozi. Nimewashonea vikoti.

KAKA: Umewa... mtandao unakwaruza. Umewafanya nini?

FUNDI: Vikoti. Mabaki ya sare za shule. Mikanda miwili inapita chini ya mabawa, kifungo kifuani, kucha za dume hazifiki kwenye ngozi. Juzi bibi harusi kaja kuchukua gauni lake, halijaisha, akakuta kuku sita wamevaa na wamepigwa pasi. Hakunitukana. Alikaa anaangalia vile vifungo, halafu akaniuliza kama naye apange foleni.

KAKA: (Anacheka mpaka anakohoa.) Nisamehe. Endelea.

FUNDI: Cheka, salio si langu. Jirani yangu ni nesi, usiku yuko kazini, mchana ndio alale. Atalala wapi? Hawa hawajui alfajiri, wanawika hata sufuria ikianguka. Kamwambia baba mwenye nyumba kwamba wodi ya wazazi ina utulivu kuliko ukuta wangu. Baba mwenye nyumba anakuja kesho asubuhi. Akisikia jogoo zaidi ya mmoja, kuku wote wanaondoka. Wote, mpaka wenye vikoti.

KAKA: Basi si jambo jepesi hilo? Mchinjaji unaye. Bakiza mmoja, kijana mwenye kifua. Yupo?

FUNDI: Yupo mwekundu. Tunamwita Mjomba, jina lako kwa wanangu. Kelele nyingi, anafukuafukua kila mahali, na hakai.

KAKA: Damu safi hiyo. Bakiza huyo. Hao wengine wapite kwenye kisu, na uanze na yule mzee. Ila umchemshe sana, majogoo wazee ni kama soli ya —

FUNDI: (Kimya.)

KAKA: Haloo? Umekatika?

FUNDI: Nipo.

KAKA: Nimesema, yule mzee —

FUNDI: Nimesikia. Hata mchinjaji kasema hivyohivyo. Vijana wamemtoboa upanga wa kichwani, jicho moja limefumba. Mchana analala chini ya cherehani, hapa miguuni. Nikikanyaga pedali, anasinzia.

KAKA: Ndiyo nasema, ameshakula chumvi yake. Unamwekea nini?

FUNDI: Aliletwa na shemeji yako.

(Mtandao unakwaruza.)

FUNDI: Alimleta ndani ya kofia yake ya kazi, kifaranga sawa na ngumi. Kaingia nacho kwa majivuno, akaniambia ni jike.

KAKA: Na yeye?

FUNDI: Na yeye. Maisha yangu yote nimezungukwa na wataalamu.

KAKA: Sikujua, mdogo wangu.

FUNDI: Ungejulia wapi? Siku ya kumzika mume wangu, jogoo huyu aliruka juu ya meza, akawika katikati ya sala. Watu waliinama kwa pamoja, ungedhani ni uchungu. Kumbe wanacheka. Na mimi nikacheka, mbele ya marehemu. Wewe ulikuwa umekwama njiani.

KAKA: Lile lori lili —

FUNDI: Umekwama mwaka wa pili sasa.

KAKA: Hao tisa ni watoto wake yule mzee?

FUNDI: Wote. Mchinjaji nimemwita mara tatu na kumrudisha mara tatu. Kizazi kizima, siku moja, kwa sababu ya muuza miwani. Mdomo unakataa kusema anza.

KAKA: Sasa nisikilize. Majogoo wakikaa peke yao, bila jike mbele ya macho, hawapigani.

FUNDI: Huyo tena ni nani kasema? Muuza kofia?

KAKA: Hili nimeliona mwenyewe. Hapa machimboni tuko wanaume saba, mimi mlinzi wao. Mwanamke mpaka uvuke daraja. Tunakula chungu kimoja, hakuna aliyemrushia mwenzie hata kijiko. Mwezi uliopita kapita mwanamke anauza mafuta ya nywele, dakika kumi tu. Watu wazima wawili wamepoteza meno, na mmoja wao ana kipara.

FUNDI: (Anacheka, anajizuia.) Hilo naliamini. Lakini mimi nina ua mmoja, nikiwatenga wanaonana kama kwenye dirisha la duka.

KAKA: Mimi nina banda la zana, limekaa tupu, na wavu upo. Majirani zangu ni mawe. Baruti inalipuka kila adhuhuri, nani atamlalamikia jogoo? Lori la kokoto linashuka leo saa nane mchana. Napanda na matenga mawili, niwachukue hao tisa. Kumi na moja niko mlangoni kwako.

FUNDI: Mwaka jana pia ulikuwa mlangoni kwangu, kwa mdomo.

KAKA: Mwaka jana hakukuwa na majogoo wa kufuata.

FUNDI: Mwaka jana nilikuwepo mimi.

(Upande wa fundi, cherehani inagonga mara mbili na kunyamaza.)

KAKA: Ndiyo.

FUNDI: Mchinjaji anainyooshea simu yake kidole. Salio linakwisha, na subira yake pia.

KAKA: Usimwambie aanze. Mdogo wangu, usimwambie —

FUNDI: Nitamkalisha. Lakini ikigonga kumi na mbili sijakuona, nafunga macho na kusema. Wa kwanza ni Mjomba. Mzee hashikwi na mtu.

KAKA: Sawa. Ni haki. Nakuja. Halafu... lile lori, siku ile.

FUNDI: Utanieleza ukifika.

KAKA: Halikuharibika. Nilifika mpaka kona ya mtaa wenu. Nimevaa shati la kuazima. Nikaona turubai, nikaona viatu vya watu vimejaa mlangoni, nikaona na baiskeli yake imeegemezwa pale ukutani kama mtu anayerudi sasa hivi. Nikarudi nyu —

(Mlio. Sauti ya mashine inasema salio halitoshi.)

FUNDI: Haloo? Kaka? ... Haloo?

(Anaondoa simu sikioni.)

FUNDI: Chukua simu yako, mzee wangu. Imekata. ... Hapana, kaa. Kisu kirudishe kwenye gazeti, chai inachemka. Tunasubiri mpaka kumi na mbili.

(Jogoo mmoja anawika, kwa kifua chake chote.)

FUNDI: Nyamaza wewe, Mjomba. Omba mwenzio asikwame njiani.