Bwana Mche Anastaafu, Miti ya Kijitoni Ibaki

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, tarehe thelathini mwezi huu Mkuu wa kituo chetu cha kulea sokwe yatima anastaafu. Sisi wa jikoni na wa vizimbani tunamwita Bwana Mche. Jina analijua, na siku akiwa na furaha huliitikia.

Alipoanza kazi, msitu ulifika hadi dirishani kwake na yatima walikuwa wawili tu. Leo msitu unautafuta kwa darubini, na yatima wamejaa hadi stoo ya mablanketi. Kwenye hotuba husema kituo kimepanuka. Kimepanuka kweli, jamani! Miti ingekuwepo, mama zao wangewalea wenyewe, nami ningekoroga maziwa ya mwanangu tu.

Jina alilipata hivi. Kila mwaka wageni wakija hupanda mti mbele ya ofisi. Kwa kuwa picha hutoka vizuri upande ule tu, mche wa mwaka jana hung'olewa ili wa mwaka huu upate shimo. Mtunza bustani anasema shimo lile ndilo lililostahili kustaafu. Safari iliyopita sokwe mmoja mtundu alitoroka, akaung'oa mche wageni wakitazama, akamkabidhi Mkuu mkononi. Tulicheka hadi mbavu zikauma, na yeye akacheka kutushinda.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hajawahi kumfokea mama aliyechelewa kwa ajili ya mtoto. Wangu alipochemka homa, Mkuu alitoa gari la kituo na kiti chake cha mbele, akaja kazini kwa miguu.

Ndiyo maana hili la mwisho linatuchoma. Kati ya kituo na msitu uliobaki kuna ukanda mwembamba wa miti kando ya kijito. Hakuna njia nyingine ya kuwarudisha sokwe wetu porini, kwani wakipita mashambani watakutana na mbwa na mapanga. Kitinda wangu wa vizimbani, sokwe mchanga asiyelala bila kunishika sikio, naye zamu yake itafika. Kwenye ukanda huohuo Mkuu ameomba kiwanja cha nyumba ya uzeeni, eti apate kuishi karibu na maumbile. Mzee wetu, ukishajenga, maumbile yatahama!

Dereva alimuuliza, "Sasa mzee, sokwe wapite wapi, sebuleni kwako?" Akajibu, "Watazunguka." Tumezunguka sisi wenye viatu, njia hatukuiona.

Vigingi vimeshapigwa, ila shoka bado, kwa hiyo tuna matumaini. Asante kwa kazi, kwa vicheko na kwa gari lile. Mungu akupe uzee mtamu, magoti yasiyouma, wajukuu tele, na nyumba nzuri yenye baraza pana, mjini kabisa, jirani na hospitali.