Mwalimu Auleria Gervasi: Haikuwa Sindano

Ndugu waombolezaji, kabla hatujaushika udongo, familia inaomba mumsikie huyu mama mzima mzima, pamoja na yale ambayo kwenye misiba yetu hubaki yakinong'onwa nyuma ya jiko. Yeye mwenyewe kunong'ona hakujua. Waliopita darasani kwake wanakumbuka: alifundisha kwa sauti ya mtu anayefukuza ndege kwenye mtama.

Marehemu Auleria alizaliwa tarehe 14 Agosti 1974 katika kata ya Ntobeye, wilayani Ngara, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Gervasi na Mama Speciosa, wakulima wa migomba na maharage. Mama Speciosa yuko hapa leo. Hajaweka kitu kinywani tangu Jumatatu, na tunaomba aliyekaa karibu naye amshurutishe. Yeye ndiye aliyesimulia kwamba Auleria, akiwa na miaka sita, alimwagia chumvi konokono asiye na nyumba ili aone atafanya nini. Konokono alinywea akabaki kama kamba ya kiatu. Auleria alichapwa kwa kuharibu chumvi, na huyo konokono hakuna aliyemuulizia. Lakini mtoto alilia huku akiuliza: "Maji yake yametokea wapi, na ngozi haikutoboka?" Alitumia maisha yake yote kulijibu swali hilo.

Alisoma shule ya msingi Ntobeye kuanzia mwaka 1983 hadi 1989, kisha sekondari Biharamulo, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1993. Mwaka uliofuata wakimbizi waliingia Ngara, na yeye, msichana wa miaka kumi na tisa, akachukuliwa kambini kukoroga maji ya chumvi na sukari kwa wagonjwa wa kuhara. Muuguzi mmoja alimweleza kwa nini chumvi peke yake haitoshi: kwenye utando wa seli za utumbo kuna mlango ambao chumvi haipiti mpaka ishikane mkono na sukari, na zikishaingia pamoja, maji hufuata. Marehemu alisema siku hiyo ndipo alipojua kwamba kijiko cha sukari kinaweza kumrudisha mtu aliyekwisha kuaga. Tafadhali mlishike hilo. Litarudi.

Mkalimani wa hapo kambini alikuwa kijana mrefu, fundi wa matofali, wa familia iliyotoka Burundi mwaka 1972. Jina lake Niyibizi. Auleria alipomwambia awaelezee watu kwamba dawa inapita kwenye utando, Niyibizi, ambaye utando aliujua mmoja tu, wa buibui, aligeuka akawatangazia kwa Kirundi kwamba tumboni mwao mna buibui na dawa hiyo inakwenda kumtafuta. Watu watatu wakaviweka vikombe chini.

"Umewaambia nini wewe?" Auleria aliuliza.

"Ulichosema."

"Mbona wanashika matumbo?"

"Labda wanamsikia anatembea."

Alimkoromea mbele ya foleni nzima, akaenda kuwanywesha wale watatu kwa mkono wake mwenyewe. Jioni Niyibizi alikuja kuomba radhi na mkungu wa ndizi begani. Walifunga ndoa tarehe 9 Januari 1999, baada ya Auleria kumaliza chuo cha ualimu mwaka 1997 na kuanza kufundisha Biharamulo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Iteka na Irakoze. Kwa miaka ishirini na sita mumewe alimwita "Mwalimu wa Buibui", naye aliitika.

Mwaka 2006 alihamia sekondari ya kata hapa Kanazi, shule iliyokuwa na maabara yenye mlango mzuri sana na ndani hamna kitu. Hakungoja vifaa. Alichonga viazi mviringo vikawa vikombe, akavitia chumvi, na darasa likashuhudia maji yakitoka kwenye nyama ya kiazi yenyewe. Somo la vimeng'enya alilifundisha kwa ugali mkavu: kila mwanafunzi atafune tonge moja bila kumeza mpaka ligeuke tamu, ili aone jinsi mate yanavyovunja wanga kuwa sukari. Privatus, ambaye leo ni fundi wa pikipiki na ndiye aliyeleta viti hivi, alimeza.

"Privatus, tonge liko wapi?"

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Tonge?"

"Kimeng'enya kimechelewa, Mwalimu. Njaa imewahi."

Aliwaambia kwamba kila kimeng'enya kina kazi yake moja. Ukikipa kazi nyingine kinakutazama tu, kama baba Iteka akiambiwa aoshe vyombo. Na alisema utando wa seli watu wanaudhania ukuta, kumbe ni mlinzi wa mlangoni: anajua nani aingie, nani atoke, na nani lazima ashikwe mkono.

Mwaka 2016 aligundulika kuwa na ugonjwa wa kisukari, ambao hapa kwetu unaitwa "sukari", basi. Kwa lugha zote tatu zinazosemwa nyumbani kwake, ugonjwa huo na kile kinachokaa kwenye kopo vina jina moja. Aliugeuza kuwa somo. Alisema: "Sukari imejaa barazani mpaka inamwagika, ndani watoto wanalala njaa. Sindano ya insulini ndiyo inayofungua mlango." Kisha aliongeza sehemu ya pili, ambayo wengi hatukuisikiliza: "Na mkinifungulia milango yote wakati barazani hamna kitu, ubongo wangu utakosa chakula kabla hamjamaliza kushangaa. Nikitetemeka, nikitoka jasho, nikiongea ovyo, nipeni kitu kitamu haraka." Ndiyo maana mfuko wa koti lake la shule haukukosa pipi. Wanafunzi walimwita Mwalimu Pipi wakidhani ni ulafi.

Mwaka 2021 alimtambua mgonjwa mwingine nyumbani mwake. Keza, binti wa marehemu mdogo wake Niyibizi, aliomba ruhusa ya kwenda chooni mara nne katika kipindi kimoja, na nyuma ya choo sisimizi walikuwa wamepanga mstari kuufuata mkojo wenye sukari. Hakusubiri kesho kumpeleka kupimwa. Tangu siku hiyo wawili hao walichoma sindano pamoja kila asubuhi na jioni, mama mkubwa na binti yake, wakishindana nani atakunja uso.

Oktoba 2022 sukari ya Mwalimu ilipanda akalazwa siku tisa. Alipotoka, Niyibizi aliambiwa amchunge asile vitu vitamu. Naye alichunga. Kopo la sukari lilihama nyumbani. Majirani walionywa. Kwenye harusi alikaa karibu na sahani ya mkewe kama askari wa mgambo. Mwalimu alicheka, akamwambia, "Baba Iteka, umeshika nusu ya somo." Alicheka, na hilo ndilo linalotuuma: kwamba sote tulicheka.

Sasa tunafika Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, Dominika ya kwanza ya Kwaresima. Mwalimu alichoma sindano saa moja asubuhi. Uji ulikuwa bado jikoni, kengele ya pili ikalia, akasema atakunywa akirudi. Hakuwa amefunga, kama baadhi wanavyodai. Alikosea hesabu aliyowafundisha wengine, kama binadamu. Alivaa sare ya kwaya, na sare ya kwaya haina mfuko. Pipi zilibaki kwenye koti, ukutani. Baada ya misa wakafanya mazoezi ya nyimbo za Pasaka, kisha akaupanda mlima kwa miguu. Alifika uani saa nane mchana akitetemeka, gauni limelowa jasho, akamwita Irakoze kwa jina la marehemu baba yake mwenyewe, Mzee Gervasi.

Jirani yetu Agripina alikuwa uani. Alikimbilia kwake akarudi na kikombe cha chai yenye sukari, ya kukolea. Mwalimu alikuwa bado anaweza kumeza. Alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Niyibizi akakichukua kile kikombe akakimwaga chini.

"Mama, huyu ana sukari! Unataka kumuua?"

"Baba Iteka, anatetemeka."

"Ndiyo sukari hiyo! Mnamuongezea tena?"

Mwalimu alijaribu kusema. Wanasema alikuwa akitamka "pi, pi", na Niyibizi akadhani anaita pikipiki. Akakimbia kuitafuta. Hivyo ndivyo alivyopakizwa na kufikishwa hospitali jioni, akiwa hajitambui. Wauguzi walimpima, wakamtundikia dripu ya sukari palepale, wakafanya kila lililowezekana. Ubongo ulikuwa umekaa na njaa muda mrefu mno. Alifariki Jumatatu, tarehe 10 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini.

Sumu hamna. Mkono wa mtu hamna, ile chai ya Agripina ni chai, na anayetaka kuendelea kumtazama Agripina kwa jicho la pembeni afanye hivyo akijua kwamba huyo ndiye peke yake aliyekuwa na dawa mkononi.

Kwa nini yote haya yanasomwa juu ya jeneza, badala ya kusema tu "aliugua ghafla"? Kwa sababu Jumatatu jioni Keza alikataa sindano. Jumanne asubuhi alikataa tena. Midomo ilimkauka, akawa anakunywa maji bila kukoma na kutoka nje kila mara, na kila aliyembembeleza alipewa jibu moja: "Mama mkubwa alichoma, akafa. Mimi nichome nini tena?" Shangazi walilia. Katekista aliomba. Gari la kumpeleka hospitali lilikuwa linatafutwa. Mchana Niyibizi akaenda akakaa chini mbele yake, kwenye mavumbi.

"Keza, haikuwa sindano. Ni mimi. Nilimwaga kikombe."

"Unasema hivyo ili nichome."

"Nasema kweli, mwanangu."

"Basi sema mbele ya watu, baba mkubwa. Siku ya kuzika. Wote wakiwepo."

"Nitasema."

"Na jina lako?"

Aliiegemeza mavumbini mikono yake, ile iliyofyatua matofali ya nusu ya nyumba za Kanazi. Kisha akasema, "Na jina langu."

Keza alichoma Jumanne saa tisa alasiri kwa ahadi hiyo, akapelekwa kupimwa, na leo yuko hapa. Niyibizi aliagiza hivi: "Iandikwe. Ichapwe. Nisije nikaogopa nikaruka." Kwa hiyo imeandikwa, na haikurukwa. Keza, umesikia. Watu wote wamesikia. Sindano yako haina hatia.

Na ninyi wengine, chukueni sehemu ya pili ya somo, ile tuliyoicheka. Mwenye ugonjwa huu aliyechoma sindano akianza kutetemeka na kutoka jasho, na bado anaweza kumeza, mpeni kitu kitamu kwanza, ndipo mtafute pikipiki. Asiyeweza kumeza msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Jina ni moja, mambo ni mawili.

Marehemu ameacha mume, Niyibizi, watoto wawili, Iteka na Irakoze, binti aliyemlea, Keza, mama mzazi, Mama Speciosa, ndugu watano, na wanafunzi ambao hata yeye aliacha kuwahesabu. Familia inaomba Niyibizi asiachwe akae peke yake katika siku hizi. Alimpenda mkewe kwa nguvu zake zote na kwa nusu ya somo.

Sasa kwaya itaimba, kisha tutamsindikiza. Mtaona sare zao zimebadilika kidogo. Tangu Jumanne wanakwaya wamekaa kwenye cherehani wakishona mifuko, kila gauni mfuko mmoja, upande wa kulia, mkono unapofika upesi.

Mwalimu Auleria apumzike kwa amani. Kilichomo mifukoni anakijua.