Chumba cha Dobi Hakitakuwa Choo cha Baa

Sogezeni viti, wanangu. Wewe mkubwa zima hiyo simu, na wewe dada mtu acha kunifuta jasho kama unafuta meza, maana pumzi iliyobaki ni ya kusema, si ya kubembelezwa. Nimewasikia mkinong'onezana jikoni, mkidhani mgonjwa wa moyo ni mgonjwa wa masikio pia. Mmoja anataka tumuuzie nyumba Spika, huyu mwenye baa upande wa pili wa ukuta, abomoe chumba cha mbele ajenge vyoo vya wateja wake. Mwingine anataka kuandamana na majirani kuomba mabaa yote ya mtaa huu yafungwe. Nyote mmekosea, na nitawaambia nikiwa hai, kwa sababu nikishakufa mtagombana mbele ya wageni.

Chumba hicho ndicho kilichowalea. Baba yenu alipofariki nilibaki na pasi ya mkaa, mabeseni na elimu yangu ya msingi, na nje kulikuwa na mtaa mzima wa watu waliotaka kung'aa: wapiga muziki, wahudumu, mabaunsa, wacheza shoo, na yule mwimbaji aliyejiita Tajiri na shati lake moja. Asubuhi walipanga foleni dirishani kwangu, macho mekundu. "Mama Dobi, fanya haraka, sina jingine." Namwambia, "Basi kaa kifua wazi, baba, ujue thamani yake." Msiniulize kama naona fahari, naona. Watu walitoka kila pembe ya mji kuja kuwatazama, na hakuna hata mmoja aliyepanda jukwaani na kola iliyolegea. Wanaouita mtaa wa wahuni waendelee, lakini wahuni wetu walipigwa pasi.

Hata hivyo msije mkanifanya mtakatifu wa walevi. Wamenikojolea ukuta hadi chokaa ikabanduka, na wewe binti yangu ulikwenda shule ukichechemea kwa vipande vya chupa walivyoacha mlangoni. Wahenga walisema ukipenda boga penda na ua lake, mkojo hawakuutaja. Huyo Spika nilimwendea nikamwambia maspika yake yanatikisa kitanda changu, akanijibu, "Mama, ukuta huu ni wetu sote." Nikamwambia, basi nusu yako iimbe na nusu yangu ilale. Siku tulipomzika baba yenu alizima muziki bila kuombwa, akasimama mlangoni mwenyewe kuwanyamazisha wateja wake. Nilipokwenda kumshukuru kesho yake, nikakuta ameongeza spika nyingine; shukrani ikanirudi kooni. Sijamsamehe, wala sijamwona jirani mwingine aliyesimama mlangoni vile.

Sasa sikilizeni nyumba inakwenda wapi. Mkubwa, vyumba vya uani ni vyako na watoto wako, hakuna wa kuwatoa. Lakini funguo za chumba cha mbele hupati, kwa kuwa baa ya Spika unaipenda mno, na mpenda asali hakabidhiwi mzinga. Funguo nampa dada yako. Usinitolee macho, mama. Najua unauchukia mtaa huu, na ndiyo sababu nakupa. Anayechukia doa ndiye anayeliona.

Unakumbuka ile hereni? Ulikuwa msichana mdogo, ukaikuta mfukoni mwa suruali ya mume wa watu, ukataka kumpelekea mkewe kwa kuwa shuleni mlifundishwa kusema kweli. Nikakuzuia, nikaifunga kwenye kitambaa, nikamrudishia mwenyewe kimya kimya. Kumbe ilikuwa ya mkewe, anaipeleka kwa sonara. Leo unataka kuufunga mtaa mzima kama ulivyotaka kuivunja ndoa ile. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Kaa dirishani mwaka mmoja, pokea nguo zao, wajue kwa mama zao na kwa watoto wao, na vitu vya mfukoni usiviulize vimetoka wapi. Mwaka ukiisha na bado unataka wafungiwe, nenda kaombe, sitakuja kukusumbua ndotoni. Lakini utakuwa unawaombea kufungiwa watu unaowajua.

Nguo ambazo hazijachukuliwa ziko kabati la juu, na suti nyeupe ya mpiga tarumbeta imo. Isivaliwe na mtu, hata harusini. Mwenyewe alisema atarudi, na mimi nilisema nitaitunza.

Nipeni maji. Basi, yanatosha.

Nguo ya kunizikia aipige pasi mkubwa. Ndiyo, wewe, hujawahi kushika pasi maisha yako yote. Dada yako akuelekeze, na usimjibu. Pasi isiwe ya moto sana... jaribu kwanza pindoni. Polepole. Mungu awape mikono isiyochoka, wanangu, na ndimi... ndimi fupi kuliko huu wangu. Msilale na hasira chini ya paa hili. Mlishane. Nimewaridhia, wote wawili, nimewaridhia.

Ameanza huyo Spika. Mnasikia kitanda?

Mkubwa, unakwenda wapi na uso huo? Ngoja. Mwambie... mwambie mama anasema apunguze. Asizime. Apunguze tu.