Kiti cha Kiplangat

KUHUSU: OMBI LA KITI KIMOJA CHA MBAO KWA MGONJWA ALIYEKWISHA KUPEWA KITANDA

Ombi hilo lilikuwa likizunguka afisi za hospitali moja ya Nakuru tangu mvua za 1956 zianze, maana kanuni haikumjua mtu asiyeweza kulala chali. Kiplangat, mpasua mbao wa Elburgon, aliyekuwa ameegemezwa magunia kitandani, aliona hatawahi kukikalia kiti hicho. Jumapili wanawe wawili, Kimutai na dada yake Jerop, walipotoka kanisani wakaja kumwona, akaanza:

“Sikilizeni wanangu, na wewe Kimutai wacha kutazama saa ya ukutani, ilikufa kabla yangu. Daktari amenieleza kwamba moyo una milango, na mmoja wangu umekakamaa, ndiyo maana nikilala kifua hujaa maji. Ugonjwa huu ulianza utotoni: koo liliuma, kisha magoti yakavimba, kisha viwiko, tukasema ni baridi ya milima ya Mau, na nilipokuja kuwa mtu wa kupumzika kila gogo, msimamizi akaniandika mvivu, cheo pekee nilichopewa bila kuomba. Tangu mama yenu afariki, nyinyi mkilala mimi huketi, na hakuna anayeniuliza mbona. Ndivyo nilivyomsikia Jerop akikohoa usiku. Naye siku hizi hulala ameketi.”

“Baba, mimi ni kikohozi tu,” Jerop akasema.

“Hata mimi kilikuwa kikohozi tu. Kimutai, ukome kumwita dada yako mvivu anapotua debe la maji njiani. Ng’ombe wengine ni wa mahari yako, najua umeshawachagua, lakini yule mwekundu muuze, umpeleke Jerop kwa daktari mapema, kwa sababu wapo wapasuaji wanaopitisha kidole ndani ya moyo wakaufungua huo mlango. Mimi nimechelewa. Yeye bado. Na akiandikiwa sindano za kila mwezi, asikose hata moja. Koti langu mkiligombania, lichomeni.”

Akatweta, akangoja pumzi irudi.

“Mnizike chali... miaka mingi sijalala hivyo. Mungu awape... pumzi ya kupandia mlima, na mtu wa kuamka... mnapokohoa. Jerop, sogea. Hapana... usiinuke. Keti tu.”

Kiti kiliidhinishwa baada ya maziko ya Kiplangat. Kimutai alimuuza yule mwekundu, akamleta Jerop hospitalini, na ni Jerop aliyekikalia kiti hicho akimngoja daktari.