Gasketi ya Horch

ROSWITHA: Haloo? Hapa ni kwa mchungaji, kijijini Crossen. Nani mwenzangu?

ECKART: Dada? Mbona simu ya mchungaji unaipokea wewe?

ROSWITHA: Eckart... Nilijua utapiga. Nimekaa hapa tangu asubuhi. Uko wapi?

ECKART: Nuremberg, kibanda cha simu cha stesheni. Nina sarafu nne tu, kwa hiyo salamu tuzifupishe. Hamjambo huko Mashariki?

ROSWITHA: Tu — (mkwaruzo) — po.

ECKART: Nini?

ROSWITHA: Nimesema tupo. Telegramu yangu uliipata?

ECKART: Alhamisi. "Baba mgonjwa sana, njoo haraka." Nilicheka, dada. Maneno yale yale ya mwaka juzi.

ROSWITHA: Eckart, hii laini —

ECKART: Najua, tuko watatu. Wewe unayetusikiliza, habari za kazi? (Kimya.) Ana kiburi huyo.

ROSWITHA: Mwache asikilize. Hakuna tena cha kuficha.

ECKART: Basi nasema. Mwaka juzi mlinipatia kibali cha kuvuka mpaka kwa ugonjwa wa uongo. Nimeingia bandani nalia, namkuta mzee amelala chini ya Horch yake anapiga mluzi. Anaumwa nini? Anaumwa gari.

ROSWITHA: Alitaka kukuona siku yake ya kuzaliwa. Wangekupa kibali kwa ajili ya keki?

ECKART: Sikulaumu. Sasa sikia habari njema. Nimeipata.

ROSWITHA: Umepata nini?

ECKART: Gasketi ya silinda hedi, ile inayokosekana kwenye injini! Ya Horch yenyewe, silinda nane, bado imo kwenye karatasi yake ya kiwandani. Mzee mmoja wa Ulm alikuwa ameitundika ukutani kama picha ya mtakatifu. Ndiyo maana jana sikuja, nilipitia kwake kwanza.

ROSWITHA: Ulipitia Ulm.

ECKART: Ningekuja mikono mitupu? Mwaka juzi tulikuwa hatujaonana miaka kumi na minane, na kabla hajanishika mkono ananiuliza, "Gasketi iko wapi?" Iliniuma, dada. Nikajiapiza sirudi bila hiyo gasketi.

ROSWITHA: Alikuonea haya. Hakujua aanzie wapi, akaanzia kwenye gari.

ECKART: Haya, mwiteni aje kwenye simu. Nataka kumwambia mwenyewe.

ROSWITHA: Eckart...

ECKART: Au yuko bandani?

ROSWITHA: Juzi aliomba tumpeleke. Tukambeba, tukamkalisha nyuma ya usukani na blanketi miguuni. Unakikumbuka kijiti chake?

ECKART: Cha kusikilizia injini. Alikuwa nacho tangu alipokuwa anazipima injini kule kiwanda cha Horch, kabla ya vita.

ROSWITHA: Alikiegemeza kwenye dashibodi, akaweka sikio. Injini imezima tangu alipoificha Horch chini ya majani makavu isichukuliwe na askari, mwaka arobaini na tano, na yeye anasikiliza. Akasema, "Ya tano inagonga kidogo."

ECKART: (anacheka) Silinda ya tano. Nimeanza kuisikia hiyo nikiwa na — Ngoja. Mmembeba? Kwa nini mmembeba?

(Mkwaruzo.)

ECKART: Roswitha. Niambie ni ujanja kama ule wa mwaka juzi.

ROSWITHA: Safari hii daktari aliandika cheti bila kuombwa.

(Sarafu inadondoka.)

ECKART: Lini?

ROSWITHA: Jana, saa nne asubuhi. Nilikuwa namenya viazi.

ECKART: Jana saa nne mimi nilikuwa Ulm. Nakunywa kahawa ya watu, nambembeleza mzee wa watu.

ROSWITHA: Usijitafune, mdogo wangu. Kosa letu sote. Tulilizoea lile neno "mgonjwa" mpaka likaisha nguvu.

ECKART: Mazishi?

ROSWITHA: Jumanne. Wazee watatu wa kiwandani wameapa kwamba Horch itatangulia jeneza. Wataisukuma.

ECKART: Haisukumwi! Gari ile isukumwe kama toroli? Nikifika Jumatatu asubuhi naifunga gasketi. Itakwenda kwa mlio wake.

ROSWITHA: Na kibali? Cha ugonjwa hakifai tena. Mpakani watataka telegramu ya msiba.

ECKART: Uliituma?

ROSWITHA: Niliiandika.

ECKART: Dada, uliituma?

ROSWITHA: Nilikwenda posta jana. Karani akaisoma, akaniinamia, akaniuliza polepole, "Safari hii ni kweli?" Nikaichukua karatasi nikarudi nayo nyumbani. Niliona nikiituma ndiyo amekufa.

ECKART: Itume leo. Tafadhali.

ROSWITHA: Leo Jumamosi, posta inafungwa saa sita.

ECKART: Basi nenda. Hii ni sarafu ya mwisho. Kwanza... aliniachia neno?

ROSWITHA: Asubuhi ile aliuliza mbona hujafika. Nikamwambia labda anaitafuta gasketi. Akasema — (mkwaruzo)

ECKART: Akasema? Roswitha, inakatika —

ROSWITHA: Akasema, "Nani kamtuma gasketi? Mwambie aje mikono mitupu, lakini aje."

(Sarafu ya mwisho inadondoka.)

ROSWITHA: Eckart? Upo?

(Mlio wa laini iliyokatika.)

ROSWITHA: Haya. Naenda posta.