Mshenga wa Pampu na Kipimo

Wenzangu wa kliniki, hamjambo? Kwetu hatujambo: baba watoto na kikohozi chake, mama mkwe, mapacha wasioisha ugomvi, na binti yangu mwenye kisukari, ambaye ndiye sababu nimepewa kalamu hii, mimi mpishi wa kantini. Wote wanamsalimu fundi wetu wa vifaa, anayestaafu Ijumaa hii baada ya miaka thelathini na mmoja.

Tulimbandika jina la Mshenga, maana kazi yake ilikuwa kuozesha vyombo visivyopatana. Kipimo cha sukari kilichobandikwa mkononi mwa binti yangu kilitoka kiwanda kimoja, pampu ya insulini ya kiunoni kiwanda kingine, na simu ni simu tu. Kila kimoja kimenuna kivyake. Mshenga akavipatanisha: kipimo kikawa kinaiambia pampu sukari ikoje, na simu inaniletea habari jikoni.

Mimi sikuamini hata kidogo. Habari za damu ya mwanangu zinapita hewani, nani anazidaka njiani? Mshenga hakunicheka. Alinionyesha kwenye simu majina ya wanaozipata: mimi, muuguzi, daktari na yeye. Akasema, "Mama, unayemshuku mfute. Anza na mimi." Akajifuta mwenyewe. Nami nikapata moyo, nikamfuta na daktari! Maskini alikuja kantini kuuliza amenikosea nini. Nikamrudisha, shingo upande.

Kisha siku moja simu ikalia nikikaanga vitunguu. Sukari ya binti inashuka, naye yuko shuleni. Nilikimbia na aproni yangu. Kufika, pampu imeshakata insulini yenyewe na kupiga kelele, mwalimu anampa juisi. Hata hivyo nilimtoboa kidole nihakikishe. Namba ya kidole na ya kipimo zilikaribiana. Vitunguu viliungua, mlivila mkanyamaza, asanteni.

Sasa anakuja fundi mpya. Anatabasamu mno, na anasema kila kitu kitajiendesha chenyewe. Mimi namtazama tu.

Mshenga, ahsante kwa kuniacha nishuku. Kapumzike, ulale mpaka jua likuchome, goti lako lipone. Ila simu usiizime. Jana nililirudisha jina lako pale ulipolifuta. Itakuuliza kama unakubali. Bonyeza upesi, baba, nipate jibu kabla hujarudisha funguo za kliniki.