Msingi wa Nguzo

Siku ya Uhuru, hapa mjini Solo, basi letu dogo lilimpakia bwana mmoja aliyejaa grisi kuanzia nywele hadi vidole, katoka kwenye mchezo wa sikukuu wa kupanda nguzo telezi na kuchuma zawadi zilizotundikwa kileleni. Mama muuza tempe, vile vipande vya soya, akamtandikia gazeti akae. “Umefika juu ya nguzo, kaka?” “Wenzangu walinikanyaga mabegani, wakachuma zawadi zote. Mimi nilikuwa msingi, mama, kama wapigania uhuru!” “Na msingi umepata nini?” “Fahari ya nchi!” “Ndiyo aliyoitaka mkeo?” Akanywea. “Alitaka sufuria. Nilimwapia.”

Nilitaka kumcheka, ila asubuhi mimi nililia bendera ikipandishwa, na miwani ya kuionea nilikuwa nimeisahau nyumbani.

Basi likasimama. “Mke wangu yule,” akanong’ona. “Kaleta na majirani wa kumsaidia kubeba zawadi.” Wote pale kituoni walikuwa wakipiga makofi.